Je, kikoba chetu kinaweza kupunguza uzito kwa makaratasi ya bure kutoka Marekani?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41, ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Nina kilo 88 na urefu wa sentimeta 158. Presha imeanza kupanda kidogo lakini sijaanzishiwa dawa. Dada yangu anaishi Marekani na amepungua kilo 11 kwa kujiunga na kikundi cha kupunguza uzito. Ada yake ni kubwa kwa mfuko wangu, ila anasema kuna makaratasi na mafunzo ya bure kwenye mtandao. Kikoba chetu kina wanawake 14 na wengi tunataka kupungua. Tunaweza kutumia hayo ya bure bila kulipa? Yatatufaa sisi tunaokula ugali wa muhogo na sombe (kisamvu)? Halafu mama mkwe anasema nikipungua watu watasema naumwa.

Jibu la afisa lishe: Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, mnaweza, tena tayari mnacho kile ambacho dada yako anakilipia kila mwezi: wanawake 14 wanaojuana, wanaokutana kila wiki, wanaoandika hesabu kwenye daftari na wanaoulizana mwenzao asipofika. Makaratasi yatawasaidia, nitakwambia yapi. Lakini mkiyagawana na kila mmoja akaenda kuyasoma kwake, hamtafika mbali.

Hilo silisemi kwa kubahatisha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha watu zaidi ya 1,200 wenye uzito mkubwa. Waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa ushauri mfupi na kijitabu cha kujisomea, wengine wakapelekwa kwenye mikutano ya kikundi kwa wiki 12, na wengine kwenye mikutano hiyo hiyo kwa mwaka mzima. Mwaka ulipoisha, wa kijitabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3 na kidogo, wa wiki 12 karibu kilo 5, na wa mwaka mzima karibu kilo 7. Kijitabu peke yake kilifanya kitu, sikatai. Kilichozidisha ni watu na muda. Na uone pia kwamba hata waliokaa mwaka mzima wastani wao ni kilo 7, kwa hiyo zile 11 za dada yako ni hongera kwake, zisiwe deni kwako.

Hukunitajia jina la kikundi chake, lakini hadithi ya kile maarufu kuliko vyote itakusaidia kuona ninachokisema. Mwaka 1961, mama mmoja wa Queens, New York, aitwaye Jean Nidetch, alikuwa anahudhuria kliniki ya uzito ya idara ya afya ya jiji lake. Karatasi ya ulaji alipewa, na ilikuwa karatasi nzuri. Shida yake ilikuwa biskuti alizokula kwa siri usiku, na kila alipofika kliniki alishindwa kuzisema. Akawaita rafiki zake sita nyumbani kwake, akawaeleza habari ya zile biskuti, nao wakasema ya kwao. Wakakubaliana kukutana tena, na baada ya muda mfupi nyumba ikajaa watu. Mwaka 1963 mikutano hiyo ikawa kampuni, Weight Watchers. Kwa hiyo kabla ya ada na kabla ya programu za simu, palikuwa na karatasi ya bure kutoka kliniki na majirani wanaoambiana ukweli. Hapo ndipo na ninyi mnaweza kuanzia.

Sasa hayo ya bure.

Kinachonifurahisha zaidi ni mafunzo ya mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari. Utafiti wake mkuu ulichapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kubadili ulaji na kutembea, kwa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Mwanzoni walifundishwa mmoja mmoja, baadaye mafunzo yakageuzwa kuwa ya vikundi, na vitini vyake vimewekwa wazi na kituo cha serikali yao cha kudhibiti magonjwa, CDC, mtu yeyote avipakue. Mpangilio wake ni vipindi visivyopungua 16 katika miezi sita ya kwanza, kisha visivyopungua 6 katika miezi sita inayofuata. Huduma ya afya ya Uingereza nayo ina mpango wa bure wa kupunguza uzito wa wiki 12. Katika hivyo vyote chukueni fomu za kuandika chakula na dakika za kutembea, na mada za kujadili: kula kwa hasira, kula kwenye sherehe, kurudi nyuma na kuanza tena. Mmoja wenu mwenye bando avipakue mara moja na kuchapisha nakala chache, na yule anayejua Kiingereza vizuri asome kabla ya siku ya mkutano ili awasimulie wenzake kwa Kiswahili. Msimpe kazi ya kutafsiri neno kwa neno, atachoka wiki ya pili.

Menyu zao acheni. Shayiri ya kifungua kinywa, samaki wa samoni, mboga za kwenye friza, hivyo si vya jikoni kwenu wala hamvihitaji. Kama dada yako anahesabu pointi za chakula, hizo nazo mwachieni mwenyewe, kwa kuwa zimetengenezwa kwa vyakula vya maduka ya kule na ukitafuta sombe hulioni. Mkihitaji kujua chakula chetu kina nini, lipo jedwali la viambato vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Linapatikana bure mtandaoni. Limeandikwa kwa Kiingereza, ila namba hazihitaji tafsiri.

Mwambie dada yako asiwatumie picha za vijitabu vya wanachama. Vile ni mali ya kampuni na si vya kusambaza kikobani. Vilevile mkikuta mahali pameandikwa mwezi wa kwanza ni bure lakini wanataka namba ya kadi ya benki, fungeni. Mwezi ukiisha pesa huanza kukatwa zenyewe, na kuzizuia ukiwa Kigoma ni kazi.

Tuingie jikoni, kwa kuwa hapo ndipo nyaraka zote za kigeni zinapokomea.

Kwetu Kigoma watu wengi hawayahesabu mawese kama mafuta. Mtu atakwambia, "Mimi mafuta nimeacha, napikia mawese tu." Kwake mafuta ni yale ya chupa ya dukani. Mawese ni ya mchikichi, ni mekundu, ni ya bibi. Niliwahi kukaa jikoni na kina mama wa Gungu, sombe likichemka. Mpishi alichota upawa mmoja wa mawese akamimina, akakoroga, akaonja, akaongeza nusu upawa. Nikamwomba achote tena upawa kama ule wa kwanza, ila amimine kwenye bakuli kavu. Tukaanza kuyahamisha kwa kijiko cha chakula, wote wakihesabu kwa sauti. Tulifika saba. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, yawe mawese, alizeti au ya pamba, kina kama kalori 120. Upawa na nusu ni vijiko 10 na nusu, yaani kalori kama 1,260 ndani ya sufuria ya watu sita. Kila mtu kala kalori 210 za mafuta kabla hujagusa karanga zilizotwangwa, samaki wala ugali. Hizo 210 zinatosha kulingana na ugali uliosongwa kwa gramu 60 za unga. Na mboga ile ile ingerudi mezani usiku.

Hakuna aliyekuwa mlafi pale. Walikuwa wanapika walivyofundishwa na mama zao, waliokuwa wakitoka shambani wakiwa na mzigo wa kuni kichwani.

Siku iliyofuata tulipika sombe lile lile kwa nusu upawa tu, yaani vijiko vitatu na nusu, tukaongeza nyanya chungu, kitunguu na bilinganya ili mchuzi uwe mzito. Wawili walisema halijakolea. Wanne walikula bila kuuliza. Kila mtu alikuwa ameokoa kalori 140 kwa mlo mmoja. Ukifanya hivyo mchana na usiku, wiki nzima inakaribia kalori 2,000, na kwa hesabu ya darasani hiyo ni kama robo kilo ya mafuta ya mwili. Mwili hauendi sawasawa na hesabu ya darasani, nao hujibana ukipunguziwa, lakini mwelekeo ndio huo.

Naomba msinielewe vibaya kuhusu mawese. Hayo mekundu, yasiyochemshwa mpaka yakawa meupe, yana vitamini A kwa wingi, na watoto wenu wanayahitaji. Sitaki kusikia kikoba cha Mwanga kimeyapiga marufuku. Nataka yapimwe kwa kijiko, na kijiko hicho kikae ndani ya chombo cha mawese siku zote ili mtu asisahau.

Ugali wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, chini hata ya ule wa mahindi. Ukiupunguza bila kuongeza kitu kingine utashinda na njaa, na saa kumi jioni utajikuta unanunua maandazi. Kwa hiyo punguza tonge, ongeza dagaa, kuhe, mgebuka au maharage. Dagaa wa kukaanga kavu bila mafuta, kisha nyanya na ndimu, ni chakula ambacho wenzetu wa Marekani wangekilipia. Mgebuka wa kuchoma vivyo hivyo. Kupimia ugali, chagueni bakuli moja dogo, kila mtu anunue la namna ile ile, na asiongeze la pili. Kuhusu vinywaji sina maneno mengi: soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, na vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni sukari ile ile.

Mizani. Nunueni moja kwa mfuko wa jamii wa kikoba na ikae kwa mtu mmoja. Iwekwe kwenye sakafu ya saruji, isiwekwe juu ya mkeka wala zulia, kwa kuwa hapo hudanganya. Kabla ya mkutano wa kwanza ijaribuni hivi: pimeni dumu tupu la lita 20, mlijaze maji mpaka alama ya lita 20, mpime tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikiwa 23, irudisheni dukani. Pimaneni siku moja kwa wiki, saa ile ile, kila mtu akiwa na kanga na blauzi nyepesi, bila viatu na bila simu kiunoni. Kupima kila siku kutawavunja moyo bure, maana maji tu mwilini yanaweza kupandisha au kushusha kilo nzima. Na wewe una faida ambayo wengi hawana, futi iko shingoni kwako kutwa. Wapime wenzako kiuno pia, usawa wa katikati ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kuanzia sentimeta 80 hatari ya kisukari na ya moyo inaanza kupanda. Kuna wiki ambazo mizani itagoma kabisa huku futi ikisogea, na siku hiyo futi ndiyo itakayomzuia mtu asikate tamaa.

Hesabu yako wewe: kilo 88, gawanya kwa 1.58, gawanya tena kwa 1.58, unapata 35, ndio uwiano wa uzito na urefu (BMI). Kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri, kwa hiyo una sababu ya kweli ya kupungua, hili si suala la urembo. Lakini lengo la kwanza lisiwe kufika kilo 60. Asilimia 7 ya uzito wako ni kilo 6. Jipe miezi sita. Wiki mbili za mwanzo unaweza kushuka haraka, mengi ya hayo ni maji, kisha nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana, na ikiwa kidogo kuliko hapo bado ni mwendo.

Dakika 150 za kutembea kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Mji wetu una vilima, na hilo ni jambo jema hapa. Ukishuka Kibirizi kununua dagaa, kurudi panda kwa miguu mwendo wa kuhema kidogo lakini bado unaweza kuongea. Fundi cherehani hukaa mno, kwa hiyo kwako hizi dakika zina uzito kuliko kwa mwenzako anayetembeza vitumbua.

Utaratibu wa kikoba wenyewe mnaujua kunishinda mimi, ila nina mambo ninayoyashikilia. Pimaneni kabla ya kuhesabu hisa, kwa sababu pesa zikishafungwa kila mtu anakumbuka ana sufuria jikoni. Uzito wa mtu usitajwe kwa sauti. Mpimaji mmoja, kadi ya kila mtu, na anayetaka kusema kilo zake aseme mwenyewe. Na msiweke faini kwa aliyeongezeka. Nimeona vikundi viwili vikifa kwa ajili hiyo. Aliyeongezeka wiki hii ndiye anayehitaji mkutano kuliko wote, na faini humfanya abaki nyumbani. Faini ya kuchelewa wekeni mkitaka. Baada ya kupimana tengeni nusu saa ya maneno, na swali liwe moja tu: wiki hii ni wapi palikuwa pagumu? Mwingine atasema msiba, mwingine ubwabwa wa harusi, mwingine atasema mume amesafiri na usiku ni mrefu. Hayo ndiyo maneno ambayo Nidetch na rafiki zake walikuwa wakiambiana.

Kabla hamjaanza, wapo ambao wasianze bila kwenda kituo cha afya. Mjamzito asipunguze uzito kabisa, aje mkutanoni akae na wenzake. Anayenyonyesha mtoto mchanga asubiri kidogo na apate ushauri. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamaidi akipunguza chakula bila dozi kuangaliwa, sukari inaweza kushuka akaanguka. Wa dawa za presha nao watahitaji kupimwa mara kwa mara, maana uzito ukishuka presha nayo hushuka. Na kama kuna mwenzenu ambaye anapungua bila kujitahidi, hasa akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au jasho la usiku, msimpigie makofi. Mpelekeni akapimwe. Wewe mwenyewe nenda ukapimwe presha vizuri, siku tofauti tofauti, hata kama unajisikia mzima. Kila halmashauri ina afisa lishe, na wa Manispaa ya Kigoma Ujiji ni wenu. Mwiteni kwenye mkutano mmoja, ni kazi yake na hamlipi kitu.

Atakuja pia mtu na chai ya kukata tumbo. Nyingi ya chai hizo zina majani ya kuharisha. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mizani inashuka siku tatu, kisha inarudi. Msimpe nafasi kwenye ajenda.

Nimeacha mama mkwe mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenigusa. Hasemi uongo. Hapa kwetu mtu akipungua kuna wanaonong'ona ana ngoma, wengine wanasema mume hamtunzi, na mama mwenye umri wake amezika watu waliopungua hivyo hivyo mbele ya macho yake. Usibishane naye. Mchukue siku utakayokwenda kupima presha, naye apimwe, na akusikie ukiambiwa namba zako na mhudumu. Miezi mitatu baadaye nenda naye tena. Mama anayeona presha ya mkwewe ikishuka kwenye kadi ana la kuwajibu majirani, na majirani watamsikiliza yeye kuliko wewe. Zaidi ya hapo, mkipungua wanawake 14 kwa pamoja mtaa mmoja, hakuna atakayesema wote mnaumwa.

Niandikie baada ya mkutano wenu wa nne, uniambie upawa wa kwenu umechukua vijiko vingapi.